Losheni ya Nyumbani: Siri Iko Kwenye Maji

Losheni ni maji na mafuta yaliyochanganywa yakakubali kukaa pamoja. Katika chupa ya kawaida ya dukani, maji huchukua sehemu kubwa, mara nyingi asilimia 65 hadi 80 ya uzito wote. Mafuta huwa asilimia 10 hadi 25. Kinachobaki ni kiunganishi kinachoyashikanisha hayo mawili, kihifadhi kinachozuia vijidudu, glisarini na manukato. Anayetaka kutengeneza losheni nyumbani aanze na hesabu hiyo, kwa sababu makosa mengi yanayofanyika jikoni, kuanzia losheni inayojitenga hadi ile inayoota ukungu, chanzo chake ni maji.

Ngozi iliyopauka imepungukiwa maji kabla ya kupungukiwa kitu kingine chochote. Tabaka lake la juu kabisa, jembamba kuliko karatasi, limejengwa kwa seli zilizokufa zilizozungukwa na mafuta ambayo mwili huyatengeneza wenyewe. Kazi ya mafuta hayo ni kuzuia maji ya ndani yasitoroke. Maji ya tabaka hilo yakishuka chini ya asilimia 10 hivi, ngozi hukakamaa, ikikunwa huacha mistari myeupe, na visigino hupasuka magaga. Yanayoleta hali hiyo yanafahamika: kuoga maji ya moto kwa muda mrefu, upepo mkavu wa Juni na Julai, umri mkubwa, na sabuni kali. Sabuni ya mche iliyotengenezwa kwa ajili ya kufulia huwa na pH ya 9 au 10, ilhali ngozi yenyewe huwa karibu na 5. Familia inayoogea sabuni hiyo kila siku itatumia mafuta mengi bila kuona mabadiliko makubwa, na kubadili sabuni kunaweza kuwa na faida kuliko kubadili losheni.

Vitu vinavyosaidia ngozi kavu hufanya kazi kwa njia tatu. Viko vinavyokaa juu ya ngozi na kuziba njia ya maji: nta ya nyuki, na zaidi ya yote mafuta ya mgando, yale ambayo mkemia Robert Chesebrough aliyapatia hataza nchini Marekani mwaka 1872 kwa jina la Vaseline. Viko vinavyojaza nafasi kati ya seli na kuifanya ngozi iwe nyororo. Haya ndiyo mafuta ya mimea. Na viko vinavyovuta maji na kuyashikilia, kama glisarini, asali na urea. Losheni nzuri ina vyote vitatu.

Jambo moja husahaulika. Mafuta hayaongezi maji kwenye ngozi, hufungia yale yaliyopo. Anayejipaka mafuta ya nazi juu ya ngozi iliyokwisha kukauka hana mengi ya kufungia. Wakati wake ni mara tu baada ya kuoga, mwili ukiwa umefutwa juujuu na bado una unyevu, ndani ya dakika chache. Glisarini nayo isipakwe tupu: hewa ikiwa kavu, itavuta maji kutoka ndani ya ngozi yenyewe. Ndiyo maana ile desturi ya kuichanganya na maji au na marashi ya waridi kabla ya kujipaka ni ya busara.

Mafuta ya kutumia hayahitaji kutoka mbali. Kuanzia Lamu na Mombasa hadi Tanga, Unguja, Pemba na Mafia, mafuta ya nazi hutengenezwa nyumbani, na utaratibu wake unastahili kuangaliwa kwa karibu. Nazi zilizokomaa hukunwa kwa mbuzi, hukamuliwa kwa maji ya uvuguvugu na kuchujwa kwa kifumbu au chujio. Tui huachwa litulie hadi sehemu nzito ipande juu, nayo huenguliwa na kupikwa kwa moto mdogo. Mwanzoni sufuria hutokota kwa mapovu makubwa na mvuke mwingi; hayo ni maji yanayotoka. Kadiri yanavyoisha, mapovu hupungua na kuwa madogo, sauti ya kuchemka hufifia, na mashapo yaliyokuwa meupe hugeuka rangi ya kahawia na kuzama. Hapo mafuta huepuliwa, hupozwa na kuchujwa kwa kitambaa safi kikavu. Yakiepuliwa mapema, maji yaliyobakia huyafanya yachache baada ya muda mfupi. Yakichelewa hunuka kuungua, na harufu hiyo haitoki tena.

Karibu nusu ya mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, ambayo hupambana na baadhi ya bakteria. Utafiti uliofanyika Ufilipino na kuchapishwa mwaka 2004, uliohusisha watu 34 wenye ngozi kavu, uliyapima pamoja na mafuta ya madini na kuona kwamba yote mawili yaliongeza unyevu wa ngozi bila madhara. Kasoro zake ni mbili. Watu wenye chunusi usoni mara nyingi huona zikiongezeka, na mafuta yenyewe huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 au 25 za Selsiasi. Dar es Salaam yatakuwa maji karibu mwaka mzima; Njombe au Limuru wakati wa baridi yatachotwa kwa kijiko.

Kwenye mafuta mengine, bei hudanganya. Wengi huamini kwamba mafuta ya zeituni, kwa kuwa ni ghali na yametoka mbali, lazima yawe bora kwa ngozi. Watafiti wa Sheffield, Uingereza, waliyajaribu pamoja na ya alizeti kwenye ngozi za watu wazima kwa wiki kadhaa, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013: ya zeituni yalidhoofisha ule ukuta wa juu wa ngozi, ya alizeti hayakuudhoofisha. Sababu ni aina ya asidi. Zeituni ina asidi nyingi ya oleiki, ambayo huvuruga mpangilio wa mafuta ya asili ya ngozi. Alizeti ya kawaida ina asidi nyingi ya linoleiki, ambayo mwili huitumia kujenga mafuta hayo. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2005, utafiti wa hospitalini Dhaka, Bangladesh, ulionyesha kwamba watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizi machache kuliko wasiopakwa. Kwa hiyo chupa ya alizeti iliyokamuliwa Singida au Dodoma bila kuunguzwa ni malighafi ya heshima, na anayeiruka kwenda kununua zeituni kwa ajili ya ngozi anatupa fedha.

Mafuta ya shea, mazito yenye rangi ya maziwa au manjano hafifu, hutoka kwenye mti unaoota katika ukanda mrefu kuanzia Senegal hadi Sudan Kusini na Uganda. Ya kaskazini mwa Uganda hutokana na aina ya mti iitwayo nilotica na ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, kiasi kwamba huyeyuka mara yaguswapo na kidole. Tatizo lake hujulikana na kila aliyewahi kuyayeyusha: yakipoa polepole hufanya chembechembe kama mchanga. Dawa yake ni kuyapoza haraka, kwa kutumbukiza bakuli kwenye maji baridi huku yakikorogwa.

Nta ya nyuki ndiyo huyapa mafuta umbo. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na misitu ya miombo ya Tabora, Katavi na Singida hutoa nta nyingi. Ile inayouzwa na warina asali huwa na takataka za mzinga. Husafishwa kwa kuyeyushwa ndani ya maji, kuchujwa kwa kitambaa na kuachwa igande juu, kisha uchafu wa upande wa chini hukwanguliwa kwa kisu. Nta haiwekwi moja kwa moja kwenye moto kwa sababu hushika moto. Bakuli lenye nta hukalishwa ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka, na mambo yote yanayohusu kuyeyusha hufanyika hivyo.

Kwa mtu anayeanza, bidhaa ya kwanza isiwe losheni. Iwe mafuta ya kupaka yasiyo na maji kabisa. Hayahitaji kihifadhi, kwa sababu bakteria na ukungu haviwezi kuzaliana pasipo maji, na yakitunzwa vizuri hukaa miezi kadhaa. Kwa gramu 100, mchanganyiko wa kuaminika ni gramu 60 za mafuta ya alizeti au ufuta, gramu 25 za shea au nazi, na gramu 15 za nta. Nta hutangulia kuyeyuka, mafuta hufuata, shea huingia mwisho nje ya moto. Kabla ya kumimina, kijiko kimoja kilichochovywa huwekwa kwenye friji au kwenye bakuli la maji baridi: kikiganda kigumu mno huongezwa mafuta, kikibaki laini mno huongezwa nta. Jaribio hilo ni muhimu kuliko kipimo chochote kilichoandikwa, maana kinachofaa Mombasa hakifai Mbeya. Nyanda za juu zenye baridi, gramu 10 za nta zinatosha. Kwa magaga, nta hufika gramu 20 au 25, mafuta yakapunguzwa kwa kiasi hichohicho, na miguu hupakwa usiku ikiwa na unyevu kisha ikavishwa soksi.

Kasoro ya mafuta hayo ni kwamba ni mazito. Hunata kwenye joto, hushika vumbi na kuchafua kola ya shati. Losheni halisi ilibuniwa kuondoa kero hiyo, na historia yake ni ndefu. Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2 aliyefanya kazi Roma, anasifiwa kwa kuchanganya nta, mafuta ya zeituni na maji ya waridi kuwa krimu. Ilipendwa, lakini haikudumu: nta peke yake haina nguvu ya kushika maji, na baada ya muda mchanganyiko hujitenga. Baadaye ikaongezwa boraksi ili kuimarisha mshikamano. Mapishi mengi ya nyumbani bado yanaitaja, lakini Umoja wa Ulaya umeiweka miongoni mwa kemikali zenye madhara kwa uzazi, na hakuna haja ya kuipaka kwenye ngozi ya mtoto wakati vipo viunganishi vilivyo salama zaidi.

Kiunganishi kinachofaa ni nta maalumu ya kuchanganyia, mara nyingi vipande vyeupe vidogo, inayopatikana kwa wauza malighafi za sabuni na vipodozi. Molekuli yake ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, hivyo huzunguka kila tone la mafuta na kulizuia lisiungane na jirani yake. Mnunuzi aulize imetengenezwa na nini. Zile zenye lauryl sulfate ya sodiamu, kemikali ya povu, huwasha ngozi dhaifu. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu krimu moja ya kawaida yenye kemikali hiyo, kwamba inaweza kuwasha ngozi za watoto wenye pumu ya ngozi.

Vipimo vya losheni ya gramu 200 ni hivi: maji gramu 150, glisarini gramu 8, mafuta ya alizeti au nazi gramu 28, kiunganishi gramu 10, kihifadhi gramu 2, na gramu 2 zilizobaki ni za vitamini E na manukato. Vyote hupimwa kwa mizani, si kwa vijiko, kwa sababu kosa la gramu moja katika kihifadhi ni kosa la nusu ya dawa. Maji yawe yaliyotoneshwa, au angalau yaliyochemshwa na kuchujwa. Vyombo, mwiko na chupa huoshwa, huchemshwa au kufutwa kwa spiriti, kisha huachwa vikauke.

Maji na glisarini huwekwa kwenye chombo kimoja. Mafuta na kiunganishi kwenye kingine. Vyombo vyote viwili hukalishwa kwenye maji ya moto hadi vifike nyuzi 70 hadi 75, na huachwa hapo dakika kadhaa. Joto lake lazima lilingane: mafuta ya moto yakikutana na maji baridi, nta huganda ghafla na losheni hutoka na mabonge. Kisha kimoja humiminwa ndani ya kingine taratibu huku blenda ya mkono ikizunguka. Rangi hugeuka nyeupe mara moja, lakini losheni bado ni nyepesi kama maziwa, na wengi hapo hukata tamaa wakaongeza kiunganishi. Haifai. Uzito huja inapopoa, na kazi iliyobaki ni kuikoroga kila baada ya muda mfupi mpaka ishuke chini ya nyuzi 40. Ndipo kihifadhi, vitamini E na manukato huingia, kwa kuwa vingi kati ya hivyo havistahimili joto.

Suala la kihifadhi ndilo linaloleta ubishi mkubwa, kwani wengi hutengeneza losheni nyumbani ili kuepuka kemikali. Hofu hiyo inaeleweka, lakini katika bidhaa yenye maji inaelekezwa mahali pasipo pake. Maji pamoja na mafuta ya mimea katika joto la Afrika Mashariki ni chakula kamili cha bakteria na ukungu. Bakteria aitwaye Pseudomonas huweza kuongezeka kwenye losheni isiyobadilika rangi wala harufu, kisha akaingia kwenye jicho, kidonda au ngozi iliyokwisha kupasuka. Vitamini E haimzuii. Kazi yake ni kuchelewesha mafuta kuchacha. Mafuta ya manukato hayamzuii kwa kiasi kinachovumilika na ngozi. Asali huhifadhi ikiwa yenyewe tu. Ikizimuliwa na maji hupoteza nguvu hiyo. Vihifadhi viwili hutumika sana. Fenoksiethanoli huruhusiwa Ulaya isizidi asilimia 1. Benzoeti ya sodiamu, ileile inayotumiwa kwenye juisi na sosi ya nyanya, hufanya kazi tu pale pH inapokuwa chini ya 5 hivi, kwa hiyo anayeitumia lazima awe na karatasi za kupimia pH na asidi kidogo ya sitriki ya kuirekebisha losheni. Asiyetaka kihifadhi kabisa ana njia mbili za haki: atumie mafuta yasiyo na maji, au atengeneze losheni kidogo sana, aiweke kwenye friji na kuimaliza ndani ya siku chache.

Kwa sababu hiyohiyo, tui la nazi, maziwa, tango na parachichi bichi havina nafasi ndani ya chupa ya losheni. Mshubiri nao, ambao wengi huuita alovera, una ute mzuri kwa ngozi, ila huharibika upesi. Jani likikatwa husimamishwa kwanza mpaka utomvu wa manjano uchuruzike, kwa kuwa huo huwasha, kisha ute hupakwa siku hiyohiyo. Ndimu na limao ni hatari ya aina nyingine. Asidi yake ni kali, na ndimu hasa ina kemikali zinazofanya ngozi iungue inapopigwa na jua na kuacha mabaka meusi kwa wiki nyingi. Bekingi soda, kwa upande wake, huipandisha pH ya ngozi kama ifanyavyo sabuni.

Manukato yawe haba. Pwani kuna utajiri wa asumini, mlangilangi na mchaichai, na Pemba hukamua mafuta ya karafuu yenye nguvu kubwa. Karafuu ina eujenoli, ambayo huunguza ngozi ikizidi. Matone mawili au matatu katika losheni ya gramu 200 yanatosha kabisa. Kwa mafuta mengine, asilimia 1 iwe mwisho. Losheni ya mtoto mchanga, au ya mwenye pumu ya ngozi, isitiwe manukato yoyote.

Losheni ya nyumbani haizuii jua. Madai kwamba mafuta ya nazi au shea hutosha kukinga mionzi si ya kutegemewa, na kwa watu wenye ualbino kuyaamini ni kuhatarisha maisha. Losheni ya kukinga jua inahitaji vichujio vilivyotawanywa sawasawa na kupimwa maabara. Ndivyo inavyofanyika Moshi, katika hospitali ya KCMC, ambako hutengenezwa Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino. Jikoni hapana vifaa vya kazi hiyo.

Wala isichanganywe na mkorogo. Kuchukua losheni njema na kuitia krimu za dukani zenye steroidi kama betamethasoni au klobetasoli, au sabuni na unga wenye zebaki na haidrokwinoni, hakuifanyi iwe ya asili kwa sababu tu imekorogwa nyumbani. Steroidi huikondesha ngozi hadi mishipa ionekane, zebaki hudhuru figo, na haidrokwinoni huweza kuacha weusi usiofutika. Tanzania, Kenya na Rwanda zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Anayetaka ngozi laini hana anachokihitaji humo.

Bidhaa ikiwa tayari hujaribiwa kwanza upande wa ndani wa mkono kwa siku moja au mbili. Ikiwasha au kutoa vipele, haitumiki. Chupa ya pampu ni bora kuliko kopo, kwa sababu kila kidole kinachoingia koponi huingiza maji na vijidudu. Tarehe ya kutengenezwa huandikwa kwenye chupa, chupa hukaa mahali pasipo jua, na losheni yenye kihifadhi hutumika kwa miezi mitatu hivi. Ikijitenga, ikibadilika rangi au ikitoa harufu ya uchachu, humwagwa yote; kuichemsha upya hakuondoi sumu zilizokwisha tolewa na vijidudu.

Mtu akianza kuuza, hata kwa majirani, mambo hubadilika. Nchini Tanzania usimamizi wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019, na shirika la viwanda vidogo, SIDO, huwasaidia wajasiriamali wadogo kwa mafunzo ya usindikaji. Kenya kazi ya viwango ni ya KEBS, Uganda ya UNBS. Lebo iwe na orodha kamili ya viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na sampuli ipimwe maabara kama ina bakteria na ukungu, kipimo ambacho jicho na pua haviwezi kukifanya.